Kasisi Kumalo Jukwaani: Historia ya Tanzia Iliyotoka Riwayani

Msikilizaji wa mashairi wa mwambao hahitaji kufundishwa kwamba maneno ya kusomwa na maneno ya kuimbwa ni mambo mawili. Ubeti ukisomwa kimya humwachia msomaji nafasi ya kuupima. Ukichukuliwa na mwimbaji na kuitikiwa na wenziwe hupata nguvu nyengine, na mara nyengine hupata maana ambayo mtunzi hakuikusudia. Jambo hilo ndilo lililoifika riwaya mashuhuri ya Alan Paton wa Afrika Kusini, *Cry, the Beloved Country*, ilipotiwa muziki na kupandishwa jukwaani mjini New York mwaka 1949 kwa jina la *Lost in the Stars*, yaani waliopotea katika nyota. Watungaji wake waliiita tanzia ya muziki. Tangu hapo tanzia hiyo imekuwa ikilala na kuamka, na kila inapoamka huulizwa swali lile lile: kilio hiki ni cha nani, na nani mwenye haki ya kukifuta?

Riwaya yenyewe ilizaliwa mbali na nchi inayoililia. Paton alikuwa mkuu wa chuo cha marekebisho cha Diepkloof, karibu na Johannesburg, walikofungwa vijana wa Kiafrika waliovunja sheria. Mwaka 1946 alisafiri ughaibuni kuzitazama jela na vyuo vya nchi nyengine. Akiwa Trondheim, Norway, upweke ukamshika, akaanza kuandika; alipofika San Francisco mwishoni mwa mwaka huo, kazi ilikuwa imekwisha. Kitabu kilitoka New York Februari 1948. Miezi mitatu baadaye, Mei 1948, Chama cha Kitaifa kilishinda uchaguzi wa weupe Afrika Kusini, na siasa ya ubaguzi ikaanza kuandikwa kuwa sheria, moja baada ya nyengine. Kwa hivyo kitabu kilichoandikwa kama onyo kilisomwa kama habari.

Kisa ni chepesi kusimulia na kizito kukibeba. Stephen Kumalo, kasisi mzee wa Kianglikana katika kijiji cha Ndotsheni, anapanda treni kwenda Johannesburg kuwatafuta jamaa zake waliomezwa na jiji, na hasa mwanawe, Absalom. Anapompata, kijana amekwisha kuua. Aliyeuawa ni Arthur Jarvis, mzungu aliyekuwa akiwatetea Waafrika kwa kalamu yake, tena ni mwana wa James Jarvis, mwenye shamba kubwa juu ya bonde lile lile anakoishi kasisi. Absalom anasema kweli mahakamani na anahukumiwa kunyongwa. Wenzake wawili wanakana na wanaachiliwa. Wanabaki wazee wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, kila mmoja na msiba wa mwana.

Walioichukua hadithi hii kuipeleka jukwaani walikuwa Maxwell Anderson, mwandishi wa Marekani aliyejijengea jina kwa tamthilia za kishairi, na Kurt Weill, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Dessau, Ujerumani, mwaka 1900. Weill alikuwa Myahudi. Aliikimbia nchi yake mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka, akapita Ufaransa, na mwaka 1935 akafika Marekani. Huyu, basi, hakuhitaji kuelezwa maana ya dola inayowapanga watu kwa nasaba yao. Wawili hao walikuwa wameshafanya kazi pamoja mwaka 1938, katika *Knickerbocker Holiday*. Mwaka 1939 walianza mchezo mwengine, *Ulysses Africanus*, kuhusu mtumwa anayetangatanga baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, nao walitaka mhusika mkuu awe Paul Robeson. Mchezo huo haukukamilika, lakini nyimbo zake hazikutupwa.

Hapa pana jambo ambalo mhakiki hawezi kulipita kimya. Wimbo mkuu wa tanzia hii, ule ulioipa jina lake, haukutungwa kwa ajili ya Kumalo hata kidogo. Ulitoka katika mchezo ule ulioachwa, ukakaa miaka kumi sandukuni, kisha ukatiwa kinywani mwa kasisi wa Afrika Kusini mwishoni mwa sehemu ya kwanza, pale anaposhindwa kusali. Maudhui yake ni shaka: kwamba huenda Mungu aliyeziumba nyota amezisahau, na binadamu wamesahauliwa pamoja nazo. Ni wimbo mzuri sana, na sauti nzito ya kiume huweza kuufanya ukumbi mzima ushike pumzi. Lakini ni shaka ya Anderson, si ya Paton. Kumalo wa riwayani huvunjika, huona wivu, husema maneno makali akayajutia. Imani yake hutikisika lakini haing'oki. Kumalo wa jukwaani huvuka mpaka huo. Husimama mbele ya waumini wake na kuwaambia kwamba hawezi tena kuwa mchungaji wao.

Paton alikwenda New York kushuhudia ufunguzi, na hakuondoka na furaha. Yeye alikuwa Mkristo wa kweli, na kumsikia kasisi wake akiimba kwamba huenda mbingu hazina mwenyewe kulimchoma. Watu wengi wa tamthilia wamemcheka kwa hilo, wakisema mwandishi wa riwaya hana haki ya kudai jukwaa limtii. Wana hoja, lakini si hoja yote. Kumwondolea Kumalo imani si kubadilisha rangi ya joho lake. Katika riwaya, imani ndiyo inayompa mzee yule fakiri uwezo wa kutazamana na Jarvis bila ya kuinama. Ikiondolewa, anabaki mtu wa kuhurumiwa, na anayehurumiwa daima yuko chini ya anayemhurumia.

Ufunguzi ulikuwa tarehe 30 Oktoba 1949 katika jumba la Music Box. Mwongozaji alikuwa Rouben Mamoulian, yule yule aliyeongoza *Porgy and Bess* mwaka 1935. Kumalo aliimbwa na Todd Duncan, aliyewahi kuwa mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Howard, na aliyekuwa Porgy wa kwanza. Jarvis alichezwa na Leslie Banks wa Uingereza. Inez Matthews aliimba sehemu ya Irina, msichana mjamzito anayefungishwa ndoa na Absalom gerezani. Absalom mwenyewe alikuwa Julian Mayfield, kijana ambaye baadaye alitokea kuwa mwandishi wa riwaya na akaishi Ghana katika miaka ya Nkrumah. Miongoni mwa wanakijiji alikuwamo Robert McFerrin, ambaye mwaka 1955 alikuja kuwa mwanamume wa kwanza mweusi wa Marekani kuimba sehemu kuu katika Metropolitan Opera. Hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Ilikuwa mkusanyiko wa vipaji ambavyo majumba makubwa yalikuwa bado yamevifungia mlango.

Muziki nao ulipangwa kwa ubahili wa makusudi. Weill alitumia wapigaji 12 tu: zumari za aina tatu nne zinazobadilishana mikono, tarumbeta moja, kinubi, piano inayopokezana na kodiani, ngoma, na nyuzi za sauti ya chini. Fidla ndogo hazimo kabisa. Mwenye sikio lililolelewa na tarabu ataelewa mara moja maana ya kuziondoa fidla: utamu wa juu umekatwa, na kilichobaki ni kivuli. Juu ya kivuli hicho ndipo zinaposimama sauti za watu.

Na sauti za watu ndizo zilizo fahari ya kazi hii. Riwaya ya Paton ina sura ambazo hazina mhusika mwenye jina. Sura ya 9 ni sauti za watu wasio na nyumba wanaojenga vibanda usiku. Sura ya 12 ni sauti za weupe walioshikwa na hofu baada ya mauaji. Anderson aliziona sura hizo kwa jicho la mshairi, akazifanya nyimbo za kundi. Maelezo ya vilima vya Ixopo yanayofungua kitabu yakawa wimbo wa kufungulia pazia. Sura ya hofu ikawa wimbo wa hofu, ambamo weusi na weupe huimba neno moja, kila upande ukimwogopa mwenziwe. Kundi hilo lina watu wawili wa mbele, Kiongozi na Mwitikiaji. Hapa msomaji wa mwambao hahitaji mkalimani, kwani kila ngoma ina manju wake na waitikiaji wake, na anajua kwamba manju akitoa na kundi lisipoitika, hakuna wimbo. Katika tanzia hii kundi huitika kila mara. Huonya, huomboleza, hulaumu, na halidanganyi. Maneno ya Kumalo yanapolegea kuwa ya huruma tupu, kundi huyarudisha kwenye ardhi iliyomomonyoka, kwenye treni, kwenye jiji linalokula watoto.

Pamoja na hayo, mhakiki mwadilifu lazima aulize ni nani aliyeachwa nyuma katika safari ya kutoka kitabuni hadi jukwaani. Aliyeachwa ni Msimangu. Katika riwaya, kasisi huyu kijana wa Johannesburg ndiye anayempokea Kumalo, anayemwongoza mitaani, na anayefikiri kwa sauti juu ya madaraka, juu ya chuki, juu ya siku ambayo weupe watageukia mapenzi na kukuta weusi wamegeukia chuki. Ni Mwafrika mwenye akili iliyonoleka, asiyemtegemea mzungu kumfasiria nchi yake. Jukwaani hayumo. Kazi yake ya kuongoza imegawiwa wengine, na fikra zake zimekwenda kwa kundi au zimepotea. Matokeo yake ni kwamba anayebaki kuzijadili siasa kwa lugha ya Waafrika ni John Kumalo, ndugu wa kasisi, ambaye hadithi imekwisha kumchora kuwa mjanja na mwoga. Hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya imani, ingawa Paton aliilalamikia zaidi ile ya pili.

Kisha kuna mwisho. Katika riwaya, usiku wa kunyongwa Absalom, Kumalo hupanda mlimani peke yake. Njiani hukutana na Jarvis juu ya farasi, huzungumza kwa muda mfupi, na kila mmoja huenda zake. Alfajiri humkuta mzee peke yake mbele ya Mungu wake. Jukwaani Jarvis huja nyumbani kwa Kumalo kabla ya mapambazuko. Wazee wawili huketi pamoja wakiisubiri saa, na saa inapofika wako pamoja. Ni onyesho linaloliza, na wachache hutoka ukumbini na macho makavu. Lakini swali la haki haliondoki kwa machozi. Mwafrika mmoja ananyongwa na sheria ya weupe, na faraja inaletwa mlangoni na mzungu. Upweke wa mlimani ulikuwa mgumu zaidi kuuonyesha, lakini ulikuwa wa Kumalo mwenyewe.

Onyesho la kwanza lilidumu hadi tarehe 1 Julai 1950, maonyesho zaidi ya 270. Weill hakufika mwisho wake. Moyo ulimsaliti, akafariki tarehe 3 Aprili 1950 akiwa na umri wa miaka 50, na jiwe la kaburi lake likachorwa noti za wimbo mmoja wa tanzia hii. Kinaya cha siku zile hakikuwa Afrika Kusini peke yake. Katika mji mkuu wa Marekani, National Theatre lilikuwa limegeuzwa sinema tangu 1948, kwa sababu wenyewe hawakukubali kuwauzia weusi tiketi na chama cha waigizaji kilikataa kucheza kwa masharti hayo. Mchezo wa jukwaani haukurudi humo mpaka 1952. Todd Duncan alilijua jumba hilo vyema. Mwaka 1936 yeye na wenziwe wa *Porgy and Bess* walikataa kuimba humo mpaka weusi waruhusiwe kuketi popote, na wakashinda kwa muda wa onyesho lile. Mtazamaji wa New York aliyelilia Ndotsheni mwaka 1949 angeweza kuupata ubaguzi kwa safari ya saa chache za treni, bila ya kuvuka bahari.

Mwaka 1958 tanzia ilihamia New York City Opera. Lawrence Winters alikuwa Kumalo, na Irina aliimbwa na msichana aliyejulikana baadaye duniani kote kwa jina la Shirley Verrett. Kuhama huko kulikuwa na maana. Kwenye majumba ya Broadway kazi hii ilionekana nzito mno. Kwenye opera ilionekana kuwa na mazungumzo mengi mno. Imekaa kati ya vyumba viwili tangu siku hiyo, na pengine ndiyo sababu haina makazi ya kudumu katika chumba chochote.

Ilirudi Broadway tarehe 18 Aprili 1972, katika jumba la Imperial, Kumalo akiwa Brock Peters. Peters aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony, lakini mchezo ulifungwa baada ya maonyesho 39 tu. Baina ya 1949 na 1972 dunia ilikuwa imepita mahali pengi. Sharpeville ilikuwa imetokea mwaka 1960, Mandela na wenziwe walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964, na Marekani yenyewe ilikuwa imewazika Malcolm X na Martin Luther King. Si vigumu kukisia jinsi mapatano ya wazee wawili yalivyosikika masikioni mwa vijana weusi wa wakati ule. Uvumilivu wa Kumalo, ambao mwaka 1949 ulihesabiwa kuwa heshima, sasa uliweza kuonekana kuwa unyonge. Mwaka 1974 Daniel Mann aliigeuza kuwa filamu, Peters akiwa kasisi tena. Sauti yake imehifadhika humo, na kwa wengi walio mbali na majukwaa ya Marekani hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuifikia kazi hii.

Ufufuo uliofuata ulikuja baada ya siasa ile ya ubaguzi kuzikwa. Mwaka 2011 mfululizo wa Encores! uliiimba kwa siku chache New York, Kumalo akiwa Chuck Cooper. Mwaka huo huo Cape Town Opera iliionyesha Afrika Kusini, katika utayarishaji wa pamoja na tamasha la Glimmerglass, ulioongozwa na Tazewell Thompson. Na mwaka 2012 ukaonekana Glimmerglass, Eric Owens akiwa Kumalo. Owens aliirudia sehemu hiyo mwaka 2016 katika opera ya taifa mjini Washington, ule ule mji ambao zamani ulichagua sinema badala ya usawa.

Onyesho la Cape Town ndilo linalostahili kufikiriwa zaidi. Hatimaye tanzia ilisimama juu ya ardhi inayoizungumzia, mbele ya watu waliopitia uchaguzi wa 1994 na vikao vya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Mama waliowapoteza wana walikuwa wameketi mbele ya wauaji na kuwasikia wakisimulia. Onyesho la mwisho, ambalo mwaka 1972 liliweza kuonekana kuwa ndoto ya mzungu mwenye huruma, hapo lilikuwa na kumbukumbu halisi nyuma yake. Halikupata majibu, lilipata swali bora. Msamaha ukishatolewa, ardhi iliyomomonyoka inarudi kwa nani?

Kuna pia neno dogo ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulisikia tofauti na mtazamaji wa New York. Wanakijiji humwita Kumalo *umfundisi*. Kwa Mmarekani ni neno la kigeni lenye kupendeza. Kwa Mswahili ni jamaa wa damu, kwa kuwa limetoka kwenye shina lile lile la kufunda na kufundisha. Aliye mbele yao ni mtu aliyepewa kazi ya kufunda, na ambaye amekwenda jijini kukuta kwamba kufunda kwake hakukumwokoa mwanawe. Tanzia yote imo katika neno hilo. Jukwaa la Broadway lililitamka kila usiku kwa zaidi ya miezi minane bila ya kulijua uzito wake.

Je, kazi hii ni kubwa? Nyimbo za kundi ni kubwa, na zitaendelea kuimbwa hata pale mchezo wenyewe utakapowekwa kando. Wimbo wa nyota ni mzuri ingawa umeazimwa. Mazungumzo baina ya nyimbo yamezeeka, na pengo la Msimangu halizibiki kwa sauti yoyote. Hata hivyo, historia yake jukwaani inafundisha jambo ambalo riwaya peke yake isingelifundisha. Kitabu hubaki kilivyoandikwa. Jukwaa huulizwa upya kila usiku na watu walioingia na mambo yao ya mchana. Mwaka 1949 waliitikia kwa machozi, mwaka 1972 wengi hawakuitika, na mwaka 2011 waliitika walio wenyewe. Manju hutoa, lakini wimbo ni wa waitikiaji.